SELI ZINAZOJIUA: Mnyoo wa milimita moja alivyofichua jeni za kifo

Haya wadau, leo tuache siasa na mpira kidogo. Najua wengine hapo mmelipia nusu saa tu na muda unakimbia, kwa hiyo naingia moja kwa moja. Nataka kuongelea kifo. Siyo cha mtu, cha seli. Na siyo seli iliyoungua au iliyopigwa na sumu, bali ile inayokufa kwa sababu maelekezo ya kufa yamo ndani yake yenyewe. Sekondari tulifundishwa kwamba seli hukua na kugawanyika, tukachora mchoro, tukapata maksi zetu, basi. Hili la kujiua wengi wetu waliliruka.

Hebu angalia huo mkono ulioshika mausi. Ulipokuwa tumboni mwa mama yako, mkono huo ulianza kama kasia, bapa, hauna vidole. Vidole havikuchomoza kama matawi ya mti. Seli zilizokuwa katikati ya kidole na kidole zilikufa, ndipo vidole vikaachana. Bata naye anaanza hivyo hivyo, ila kwenye miguu yake seli nyingi za katikati zinaachwa hai, ndiyo maana ana utando wa kuogelea. Kiluwiluwi akigeuka chura, mkia haukatiki ukadondoka, seli zake zinakufa na kumezwa hadi mkia unaisha. Na wewe uliyekaa hapo, leo tu mabilioni ya seli zako yatakufa kwa mtindo huo huo na wala hutasikia kitu.

Kuna kifo cha aina mbili, na tofauti yake ni kubwa. Seli ikiungua au ikikosa hewa ghafla, inavimba, inapasuka, inamwaga uchafu wake kwa majirani. Pale ndipo unapoona wekundu, joto na maumivu. Lakini seli inayojiua inafanya kistaarabu kabisa: inanywea, inakatakata DNA yake, inajifunga vifurushi vidogo vidogo, halafu seli jirani zinakuja kuvimeza. Hakuna fujo. Mwaka 1972 wanasayansi watatu, John Kerr, Andrew Wyllie na Alastair Currie, waliandika makala wakaipa hali hii jina la apoptosisi, neno la Kigiriki linaloelezea majani yanavyopukutika mtini. Hata kabla yao, mwaka 1964, Richard Lockshin na Carroll Williams walikuwa wameona misuli ya nondo wa hariri ikifa kwa ratiba, wakaanza kusema kuhusu kifo cha seli kilichopangwa.

Sawa, kimepangwa. Lakini nani kapanga? Kama ni mpango basi lazima umeandikwa mahali, na mahali pa kuandika mambo ya mwili ni kwenye jeni. Shida ilikuwa kuzipata. Huwezi kumchukua binadamu ukaharibu jeni zake moja moja uone kitatokea nini, utafungwa na itakuwa haki yako. Unahitaji kiumbe mdogo, anayezaa haraka, ambaye hakuna atakayekuja kumdai.

Hapa ndipo anapoingia Sydney Brenner, na huyu ni mwana wa Afrika jamani. Alizaliwa mwaka 1927 Germiston, Afrika Kusini, baba yake fundi viatu, mhamiaja kutoka Ulaya Mashariki ambaye hakujua kusoma wala kuandika. Kijana akaingia Chuo Kikuu cha Witwatersrand akiwa bado mdogo kabisa, baadaye akaenda Uingereza, akafika Cambridge. Mwaka 1963 alipendekeza kwa wakubwa wake kwamba anataka kufuga minyoo. Hebu fikiria uende kwa bosi wako umwambie hivyo! Lakini alikuwa na hesabu zake. Mnyoo aliyemchagua anaitwa Caenorhabditis elegans. Siyo kama hao wa tumboni wanaotusumbua sisi, huyu anaishi nje akila bakteria. Urefu wake ni milimita moja hivi. Anakua kutoka yai hadi mtu mzima kwa siku kama tatu. Wengi wao ni huntha, yaani mmoja ana mbegu za kiume na mayai pia, anajizalisha mwenyewe watoto kama 300. Na kikubwa kuliko vyote: mwili wake unapitisha mwanga. Ukimweka chini ya hadubini unaona seli zake zikifanya kazi akiwa hai. Ni kama nyumba ya kioo.

Mwaka 1974 Brenner alichapisha makala yake kuhusu jeni za mnyoo huyu. Lakini kwa habari yetu ya leo mtu wa pili ndiye muhimu, John Sulston. Huyu bwana aliamua kufanya kitu ambacho nikikifikiria macho yananiuma: kuhesabu kila seli ya mnyoo, kuanzia yai, na kuandika kila moja imezaliwa na nani na imekwenda wapi. Ukoo mzima! Kwenye hatua ya kiinitete alikaa kwenye hadubini vipindi viwili vya saa nne nne kwa siku, kwa takriban mwaka na nusu. Hakupiga video, alikuwa anachora kwa mkono. Sehemu ya ukoo wa baada ya kuanguliwa aliitoa pamoja na Robert Horvitz mwaka 1977, na ule wa kiinitete ukatoka 1983.

Matokeo yake ndiyo yaliyofungua mlango. Ukoo wa kila mnyoo ni ule ule. Mnyoo huntha anatengeneza seli 1,090 za mwili, na akiwa mtu mzima anabaki na 959. Toa mwenyewe hapo: 131 hazipo. Zinakufa. Na siyo 131 zozote tu, ni zile zile kila mara, kwenye kila mnyoo, kwa wakati ule ule. Seli fulani inazaliwa na baada ya saa moja hivi imekufa na kumezwa. Ukiweza kusema mapema seli gani itakufa na lini, basi hiyo siyo ajali. Hapo kuna amri, na kama kuna amri, inawezekana kuivunja.

Horvitz alirudi Marekani, kwenye chuo cha MIT, akaanzisha maabara yake, na swali likaenda naye. Mwanafunzi wake Hilary Ellis ndiye aliyelikamata vizuri, na mbinu yake naipenda sana kwa sababu ni ya akili tu, haina mitambo ya kutisha. Wakati huo walishajua aina ya minyoo wenye kasoro kwenye jeni iitwayo ced-1. (Hayo herufi ced ni kifupi cha maneno ya Kiingereza yenye maana ya hitilafu katika kifo cha seli.) Kwenye minyoo hao seli zinakufa kama kawaida lakini majirani hawazimezi, kwa hiyo maiti zinabaki pale pale, vidude vya mviringo kama vifungo vya shati, unaviona wazi kwenye hadubini. Kwa kawaida maiti ya seli inatoweka haraka mno huwezi kuiwahi. Hapa zimebaki, unazihesabu.

Ellis akachukua minyoo hao, akawapa kemikali inayochakachua DNA ovyo ovyo, akasubiri watoto na wajukuu, halafu akaanza kutafuta mnyoo ambaye hana maiti hata moja. Mantiki ni hii: kama huoni maiti mahali ambapo maiti haziondolewi, basi hakuna aliyekufa. Akampata. Jeni iliyoharibika kwenye mnyoo huyo wakaiita ced-3. Zile seli zote 131 ambazo zilitakiwa kufa zilikuwa hai, na baadhi zimejigeuza seli za neva na nyinginezo kama vile hakuna kilichotokea. Ellis na Horvitz walichapisha mwaka 1986, wakiwa na jeni ya pili yenye tabia hiyo hiyo, ced-4. Jamani, hebu tulieni hapo kidogo. Ina maana kuna jeni ambayo kazi yake ni kuua seli yako mwenyewe, na ukiiharibu, seli inaendelea kuishi. Hadi hapo kifo kilikuwa kinaonekana kama kushindwa kuishi. Kumbe ni kazi, ina vifaa vyake.

Sasa likaja swali lingine, ambalo mimi naona ndilo tamu zaidi. Je, seli inajiua au inauawa? Maana inawezekana kabisa jirani ndiye anayetumwa. Junying Yuan, mwanasayansi kijana aliyetoka China, alifanya kazi hii na Horvitz. Walitengeneza minyoo yenye mchanganyiko: seli nyingine zina jeni nzima, nyingine hazina. Wakaangalia nani anakufa. Seli isiyo na ced-3 wala ced-4 nzima haifi, hata kama majirani zake wote wanazo. Seli yenye jeni hizo nzima inakufa. Jibu likatoka mwaka 1990: silaha iko ndani ya seli yenyewe. Ni kujiua.

Kukiwa na wauaji lazima kuwe na mzuiaji, la sivyo mnyoo mzima angekufa siku ya kwanza. Mzuiaji huyo ni ced-9, na kazi yake ilielezwa mwaka 1992 na Michael Hengartner akiwa na Ron Ellis na Horvitz. Ukiiharibu ced-9, seli nyingi ambazo zilitakiwa kuishi zinakufa, na kiinitete kinaishia hapo. Ukiifanya ifanye kazi kupita kiasi, hata zile 131 zinapona.

Halafu wakafanya kitu ambacho mtu yeyote aliyewahi kutafuta hitilafu ya umeme nyumbani atakielewa. Kama una swichi mbili kwenye waya mmoja, unajuaje ipi iko karibu na taa? Unaziharibu zote mbili uone taa inafuata ipi. Wakachukua mnyoo aliyeharibika ced-9 (anayetakiwa kufa) na kuharibu ced-3 pia (asiyetakiwa kufa). Akaishi! Maana yake ced-9 haina ubavu wowote bila ced-3. Kazi yake yote ni kuizuia ced-3 na mwenzake, na kama hao hawapo, hana cha kuzuia. Kwa michezo ya namna hiyo unapata mpangilio wa jeni hata kabla hujajua zimetengenezwa na nini. Mwaka 1998 Barbara Conradt na Horvitz wakaongeza ya nne, egl-1, ambayo ndiyo inayobeba amri ya kuanza.

Kwa mtu wa mtaani naielezea hivi. ced-3 ni mbwa mkali aliyefungwa uani. ced-4 ni kijana wa kazi anayeweza kumfungulia. ced-9 ni mama mwenye nyumba, amemshika kijana mkono asiende uani. egl-1 ni mgeni anayebisha hodi, anamvuta mama pembeni kwa mazungumzo. Mama akiachia mkono, kijana anakwenda kumfungulia mbwa, na hapo ndani hakisalimiki kitu. Kwenye seli nyingi mgeni huyo haji maisha yote.

Nani anamtuma mgeni? Inategemea seli. Mfano mzuri ni jozi ya seli za neva ambazo mnyoo huntha anazihitaji ili atage mayai. Kwake zinaishi. Kwa mnyoo dume, asiyetaga, zinakufa. Minyoo huntha wenye egl-1 iliyopagawa seli hizo zinakufa hata kwao, mayai yanakwama tumboni, watoto wanaanguliwa humo humo na kumla mama yao kutoka ndani. Ukatili huo, lakini ndivyo ilivyo.

Najua kuna wadau hapo wanasema, haya bwana, minyoo imekuhusu nini? Subirini.

Tuhame maabara. Kwenye miaka ya 1980 watafiti wa kansa waligundua jeni ya binadamu iitwayo bcl-2, kwa sababu kwenye aina moja ya kansa ya tezi, yaani limfoma, jeni hiyo imehamishwa kutoka kromosomu yake, namba 18, ikabandikwa kwenye namba 14, sehemu ambayo inafanya kazi usiku na mchana. Kila mtu akadhani ni jeni ya kuzifanya seli zigawanyike kwa kasi, maana ndivyo jeni za kansa zilivyojulikana wakati huo. Mwaka 1988, Melbourne huko Australia, David Vaux, Suzanne Cory na Jerry Adams wakaiweka kwenye seli za damu ambazo zinahitaji chakula maalumu cha homoni ili ziishi. Wakawanyima chakula. Seli za kawaida zikafa. Zenye bcl-2 hazikufa, lakini pia hazikugawanyika! Zilikaa tu, zinangoja. Kumbe kansa siyo lazima iwe seli inayokimbia kuzaliana. Inaweza kuwa seli iliyogoma kufa.

Sasa unganisha. Mwaka 1992 Vaux, akiwa Stanford na wenzake, aliichukua bcl-2 ya binadamu akaiweka kwenye mnyoo. Ikazuia seli za mnyoo zisife. Jeni ya mtu, ndani ya mnyoo, na inaelewana na mashine ya humo! Mwaka 1993 kundi la Horvitz, Yuan akiwemo, likaonyesha kwamba ced-3 inafanana na kimeng'enya cha binadamu kinachokata protini. Familia hiyo ya vimeng'enya baadaye ikaitwa kaspesi. Mwaka 1994 Hengartner na Horvitz wakasoma maandishi ya ced-9 na kukuta inafanana na bcl-2 yenyewe. Mwaka 1997 maabara ya Xiaodong Wang ikapata ndugu wa ced-4 kwa binadamu, wakaiita Apaf-1. Kwa binadamu mambo yana mzunguko zaidi, mitokondria inatoboka na kumwaga protini ndipo Apaf-1 inaamka, lakini mbwa, kijana, mama na mgeni wote wapo. Mababu zetu na wa mnyoo waliachana mamia ya mamilioni ya miaka iliyopita na bado tunatumia mtambo ule ule.

Mwaka 2002 Brenner, Sulston na Horvitz walipewa Tuzo ya Nobel ya tiba. Brenner alitania kwamba kuna mshindi wa nne, naye ni mnyoo. (Na mwaka uliofuata, 2003, chombo cha anga cha Columbia kilipolipuka kikirudi duniani na wanaanga wote saba wakapoteza maisha, makopo yenye minyoo hao yaliokotwa kwenye mabaki wiki kadhaa baadaye. Walikuwa hai.) Sulston alifariki 2018, Brenner 2019.

Turudi kwetu sasa, maana kuna sehemu ya habari hii ambayo ni ya hapa hapa Afrika Mashariki. Mwaka 1957 daktari wa upasuaji kutoka Ireland, Denis Burkitt, akiwa Mulago, Kampala, aliitwa kumwangalia mtoto mwenye uvimbe wa taya, pande zote. Akaanza kuwaona wengi. Mwaka 1958 aliandika kuhusu ugonjwa huo, na mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walipanda gari kuukuu la Ford wakasafiri wiki kumi, kama maili 10,000, kupitia Tanganyika hadi Afrika Kusini, wakiuliza kila hospitali kama wana watoto wa namna hiyo. Wakagundua ugonjwa unafuata joto na mvua, yaani maeneo ya malaria. Mwaka huo huo Burkitt alitoa mhadhara London na Anthony Epstein akawa amekaa anasikiliza. Kutokana na vipande vya uvimbe vilivyosafirishwa kutoka Uganda, Epstein, Yvonne Barr na Bert Achong walipata mwaka 1964 virusi vya kwanza kuhusishwa na kansa ya binadamu, ambavyo leo vinaitwa Epstein-Barr.

Mnaona inapoelekea? Kwenye limfoma ya Burkitt jeni iitwayo myc imehamishwa kromosomu kama ile bcl-2, na myc kweli inasukuma seli igawanyike kwa fujo. Lakini mwili una akili: myc ikizidi, yenyewe inaita kifo. Ndiyo maana uvimbe huu una sura ya pekee kwenye hadubini. Madaktari wanasema unafanana na anga lenye nyota. Giza ni seli za kansa zilizosongamana, na nyota ni seli za usafi zilizojaa maiti za wenzao waliojiua. Kansa hiyo inazaliana na kufa kwa wakati mmoja, ila kuzaliana kunashinda. Na virusi vya Epstein-Barr, ambavyo karibu sote tunavyo mwilini bila kujua, vimebeba jeni yao wenyewe inayofanana na bcl-2. Yaani kirusi kinakuja na mama mwenye nyumba wake, kumshika kijana mkono ili seli isife kabla hakijamaliza shughuli zake.

Tabia hiyo ya kuwa karibu na kifo ndiyo inayompa mtoto nafasi. Dawa nyingi za kansa haziui seli kwa nguvu, zinaharibu DNA yake na seli yenyewe inaamua kufa. Burkitt aliwapa watoto dawa iitwayo siklofosfamidi na kwa baadhi yao uvimbe ulinywea ndani ya siku chache. Lakini uvimbe huu ni mwepesi mno, seli zake zinaweza kuwa maradufu kwa siku moja au mbili. Kwa hiyo nasema wazi, na hili siyo la kusoma ukapita: mtoto mwenye taya au tumbo linalovimba haraka, jino linalolegea bila sababu, jicho linalosukumwa nje, apelekwe hospitali wiki hiyo hiyo. Siyo kung'olewa jino ukarudi nyumbani, siyo kwa mganga kwanza. Nimewahi kusikia watu wazima na akili zao wakibishana kama ni jino au ni mkono wa mtu. Wakati wanabishana, seli zinahesabu siku.

Na zile limfoma na lukemia za watu wazima ambazo mama mwenye nyumba ndiye kikwazo? Watafiti wakafikiri: kama egl-1 inamvuta mama pembeni, si tutengeneze kidonge kinachofanya kazi ya egl-1? Ilichukua miaka mingi. Dawa inaitwa venetoklaksi, iliruhusiwa Marekani Aprili 2016 kwa wagonjwa wa aina moja ya lukemia ya watu wazima. Inaingia kwenye mfuko ule ule wa protini ya bcl-2 ambamo jamaa wa egl-1 huingia. Ilikuwa na shida moja ya kushangaza: ilikuwa inafanya kazi mno. Seli nyingi zikifa kwa mpigo, takataka zake zinaweza kuharibu figo na moyo. Ndiyo maana mgonjwa wa lukemia hiyo anaanzishwa miligramu 20 kwa siku na kupandishwa taratibu kwa wiki tano hadi 400. Bei yake ni mbaya, hilo nalo tuliseme.

Kuna jingine kuhusu tembo. Ana seli nyingi kuliko sisi na anaishi miaka mingi, alitakiwa afe kwa kansa kila siku, lakini hapati sana. Mwaka 2015 ilionekana kwamba tembo ana nakala 20 za jeni ya p53 kutoka kwa kila mzazi, sisi tuna moja kutoka kwa baba na moja kutoka kwa mama. p53 ni mlinzi, akiona DNA imeharibika anawaita jamaa wa egl-1. Seli ya tembo ikiharibika kidogo tu inajiua haraka kuliko ya kwetu. Kwa binadamu, karibu nusu ya kansa zote zina p53 iliyoharibika.

Upande wa pili upo pia, kifo kikizidi. Kwenye UKIMWI seli za CD4 zinaisha, na kwa muda mrefu ilidhaniwa virusi ndivyo vinavyoziua moja kwa moja. Utafiti uliotoka San Francisco mwaka 2014 ulionyesha kwamba nyingi ya seli hizo zinajiua, kwa kutumia kaspesi ya kwanza, kile kimeng'enya ambacho ced-3 ilifananishwa nacho mwaka 1993. Ila siyo kifo cha kistaarabu, ni cha kupasuka, na fujo yake inawaita wengine waje kufa hapo.

Sasa lile swali ninaloulizwa kila nikielezea haya kijiweni: ukizima jeni hizi mtu haifi? Hapana. Mnyoo asiye na ced-3 ana seli za ziada lakini haishi zaidi ya wenzake. Kuzeeka kuna jeni zake nyingine, mwaka 1993 Cynthia Kenyon alirefusha maisha ya mnyoo mara mbili kwa kubadili moja iitwayo daf-2, na hiyo ni habari ya siku nyingine. Panya wakinyimwa Apaf-1, wengi wao hawafiki kuzaliwa, ubongo unafumuka kupita fuvu kwa sababu seli zilizotakiwa kupungua hazikupungua.

La mwisho, kwa wale wanaodhani kazi imeisha. Kwenye mnyoo dume kuna seli moja inayoongoza njia wakati viungo vya uzazi vinakua, kama fundi anayechimba mfereji. Akifika mwisho lazima aondoke ili njia ifunguke. Seli hiyo inakufa. Mwaka 2007 Shai Shaham, aliyewahi kuwa mwanafunzi wa Horvitz, alionyesha na wenzake kwamba inakufa hata ukiondoa ced-3. Mbwa hayupo, na bado mtu kafa. Tangu hapo wamekuwa wakizitafuta jeni za kifo hicho cha pili, na baadhi wameshazipata.

Maswali yaleteni hapo chini, la kutokufa nimeshalijibu.